Kombe Nililinywa Kabla ya Kulitwaa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia limefungiwa maandazi, ukala maandazi ukatupa karatasi, huna kosa. Nitakufupishia.

Mimi ni Mize, mtoto wa Bi Mwanapili wa Mtambile, yule mwenye nuksi. Siku niliyoolewa na Himid, mvua ilizikuta karafuu zake juu ya majamvi. Hatujamaliza fungate, pikipiki yake ikafa injini. Kisha kibanda chake cha kuuza vyombo kikaungua kwa hitilafu ya waya. Himid akanipa talaka barazani kwao, mbele ya wazee, akasema hana ugomvi na mimi. Ana ugomvi na nuksi yangu.

Nikakaa eda. Eda ni ndefu kwa mtu asiyelia, na mimi nilikataa kulia. Ndipo nilipoanza kucheza Ngome kwenye simu.

Usiyeijua Ngome usiondoke, si jambo la wataalamu. Kila mchezaji ana ngome ya kulinda na furushi la karata la kuivunjia ngome ya mwenzake. Furushi unalipanga mwenyewe, karata unazozitaka. Lakini anayezichanga ni simu, na simu haina mjomba wala shangazi. Kila zamu unavuta moja. Ikija nzuri, umeshukuru. Ikija mbaya, umesubiri. Karata kubwa, kama Tembo na Sultani, hazichezeki mpaka zamu kadhaa zipite tangu uzivute. Ndogo, kama Siafu na Mbu, unaitupa papo hapo ikaume inapouma. Wachezaji wakubwa hizo ndogo hawazitaki. Wanaziita garasa.

Furushi langu mimi karibu lote ni garasa. Wakanicheka. Yakaja mashindano, nikawatoa mmoja mmoja.

Jumatano alasiri, kwenye baraza ya duka la simu la Keyur, mjukuu wa mzee Jamnadas, nikamtoa Abdulnasir katika nusu fainali. Abdulnasir ni kijana wa mjini Chake, mtoto wa mwenye mashamba, na tangu kuzaliwa bahati humfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Ngome yangu ilibakisha pigo moja ianguke, yake nayo moja. Nikavuta karata ya mwisho, akaja Mbu. Mbu! Akamaliza kazi.

Abdulnasir akainuka. Akakichukua kikombe changu cha chai, akakinusa mbele za watu, akasema: "Zafarani. Na marashi. Huyu kanywa kombe."

Hapo ndipo tulipoachana, wasomaji wangu. Sasa sikilizeni.

*

Baraza yote ikakigeukia kikombe changu.

Kwenu huko bara labda kombe ni kile kikombe kikubwa cha washindi. Na kweli kilikuwapo, kimepakwa rangi ya dhahabu, Keyur alikiweka juu ya meza kila mtu akione. Lakini kwetu kuna kombe jengine. Maalim anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa marashi, mwenye shida ananywa. Hilo ndilo alilolisema Abdulnasir.

"Nipe kikombe changu," nikamwambia.

"Sikupi. Ushahidi huu."

"Ushahidi wa chai?"

"Mbu kaja vipi, Mize? Karata ya mwisho, ngome yako inaning'inia, Mbu kaja vipi? Bahati gani hiyo?"

"Kaja kwa sababu nilimtia. Furushi langu lina Mbu, lina Siafu, lina Kunguru. Ningevuta kwa mkono wa kushoto, garasa moja ingekuja. Wewe furushi lako lina nani?"

Nikamjibia.

"Lina Tembo, lina Sultani, lina Zimwi. Bahati ni mgeni, Abdulnasir, haipigi simu kabla ya kuja. Wewe umeweka kiti kimoja cha dhahabu, unamngoja mgeni mkubwa. Mimi nimetandika mikeka. Yeyote atakayebisha hodi, nina pa kumkalisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Maneno mengi," akasema. "Sisi sote twajua ntu mwenye nuksi hageuki akawa na bahati kwa siku moja. Kuna kitu kanywa. Basi ale yamini. Aape mbele ya Maalim kwamba hakutumia kitu. Akikataa, Jumamosi fainali naenda mie."

Keyur akazikuna ndevu zake. Ni mtu mwema Keyur, lakini ana duka, na mwenye duka hapendi watu wagombane barazani pake.

"Mimi kanuni niliandika mwenyewe," akasema. "Mchezaji asisaidiwe. Simu isiwe na programu ya wizi. Hapana kiingilio wala dau, maana Maalim Jaribu alishaonya kuwa karata ikitiwa dau ni kamari hata ikiwa kwenye simu. Yote niliandika. Chai sikuandika."

"Kombe ni kusaidiwa au si kusaidiwa?" akauliza Abdulnasir.

Keyur akatazama watu. Watu wakamtazama yeye.

"Mambo ya yamini mnayajua nyinyi," akasema pole pole. "Lakini akikataa kuapa... Mize, nitafanyaje?"

Hapo damu ilinipanda. Nikwambieni kitu. Nimeitwa nuksi na mume, na mama wa mume, na muuza samaki ambaye hanichagulii samaki mpaka asome kitu chini ya ulimi. Sikuwahi kujibu. Siku ile nikajibu.

"Nikishindwa, nina nuksi," nikasema, na sauti yangu ikavuka barabara. "Nikishinda, nina uganga. Mimi mwenyewe niko wapi? Nani alikaa na simu miezi ya eda akajifunza kila karata na kila hila? Nuksi? Jini? Muiteni Maalim Jaribu. Aje na msahafu. Naapa leo, naapa hapa, na kila mwenye masikio asikie!"

Nyuma yangu, kwenye mlango wa ndani walipokaa wanawake, nikasikia kifuniko cha chupa ya chai kikianguka sakafuni. Sikugeuka. Ningegeuka, ningejua.

*

Maalim Jaribu alikuja na baskeli, msahafu kaufunga kwa kitambaa cheupe, kauweka kifuani. Akatoa salamu, akaketi, akataka aelezwe.

Abdulnasir akaeleza. Akaeleza vizuri, mtoto wa mwenye mashamba amesomeshwa. Maalim akawa anaitikia kwa kichwa.

"Hizi karata za simu hukumu yake sijaihitimisha," akasema. "Lakini yamini naijua. Binti, una udhu?"

"Ninao, Maalim."

"Utaapa nini?"

"Kwamba nimeshinda kwa akili yangu na kwa karata zangu. Sikutumia dawa, wala kombe, wala..."

"Kombe?" Maalim akanikata. "Kombe gani?"

"Ndilo analonisingizia huyu. Anasema chai yangu inanuka zafarani."

Maalim akakiomba kikombe. Akakinusa. Nikauona uso wake ukibadilika, na moyo wangu ukabadilika pamoja nao. Akageuza shingo taratibu mpaka macho yake yakafika kwenye ule mlango wa ndani.

"Bi Mwanapili," akasema, "utasema mwenyewe au niseme mie?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama, chupa ya chai kaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Mama?"

"Mwanangu, mbona si kosa," mama akasema. "Si weye mwenyewe uliyesema wataka kombe?"

"Mimi? Lini?"

"Siku ile jikoni. Mie napika, weye wachezea simu. Ukasema, 'Mama, safari hii kombe nalitaka, lazima nilipate.' Nkakuuliza, 'Kweli, mwanangu?' Ukasema, 'Kweli, na sitaki jengine.'"

Mtu mmoja akaanza kucheka pembeni. Mwengine akamzuia, akacheka yeye.

"Mwaka mzima nakubembeleza unywe kombe la kuondosha nuksi," mama akaendelea, machozi yanamtiririka. "Wakataa. Wasema huna nuksi. Nkasema sikio la kufa halisikii dawa. Leo ntoto mwenyewe kaja kusema analitaka! Nikenda kwa Maalim mbio, hata kanga sikubadilisha. Na asubuhi hii nlikwambia. Sikukwambia? Nlisema, 'Kombe lako limo kwenye chupa, ulinywe, usilimwage.'"

Alisema. Wallahi alisema. Na mimi nikacheka, nikambusu, nikamwambia, "Insha Allah, mama, nitalinywa lote." Nilidhani ananitania. Nilidhani ndiyo njia yake ya kunitakia ushindi, na nilifurahi njia nzima kwamba hatimaye mama ameukubali mchezo wangu.

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja alimwaga kahawa yake.

Mimi sikucheka. Nasema kama ilivyokuwa: dakika ile nilimkasirikia mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia Himid. Himid aliniita nuksi na akaondoka zake. Mama alinipenda, ananipikia, ananiombea, na bado aliamini. Kisha nikamwona bado kaikumbatia ile chupa, hasira ikakosa pa kukaa.

"Mmesikia wenyewe!" Abdulnasir akapiga meza, kombe la dhahabu likaruka. "Kanywa! Mama yake kasema, Maalim kasema. Keyur, unangoja nini? Kusaidiwa ni kusaidiwa, awe anajua au hajui!"

Keyur akanitazama kwa huruma. Huruma ya mwenye duka ni mbaya, huja wakati anapotaka kufunga.

"Mize," akasema, "kwa kweli mimi..."

"Ngoja," nikasema.

Maana macho yangu yalikuwa yameona kitu chini ya kiti cha Abdulnasir. Kikombe. Kitupu, majani ya chai yamelala chini.

"Abdulnasir, kikombe kile cha nani?"

Akakitazama. "Changu."

"Ulikunywa nini?"

"Chai."

"Chai ya wapi?"

Nikamgeukia mama. "Mama, alipofika kijana huyu kutoka Chake, ulimpa nini?"

Mama akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Swali la ukarimu linamrudishia akili mara moja.

"Nlimpa chai, mwanangu. Mgeni huyo, katoka mbali. Nimmiminie ntoto wangu kabla ya mgeni, mie sina adabu?"

"Kwa hiyo yeye alikunywa mwanzo."

"Mwanzo. Na mkate wa mofa. Akamaliza, nkamuona anautazama ule mkate uliobaki, nkampa na kikombe cha pili."

"Na mimi?"

"Weye huli ukiwa na wasiwasi. Kimoja tu, tena hukukimaliza."

Sikuwa na haja ya kusema neno. Lakini nilisema, siwezi kujizuia.

"Basi mwenzangu kanizidi. Yeye viwili, mimi kimoja kasoro. Kama ni kombe, ndiye aliyelinywa hasa, na hakunusa kitu, maana mtu anayedhani atashinda hanusi chai. Haya, toeni kombe kwake, toeni kombe kwangu. Kimebaki nini kati yetu?"

"Karata!" wakaitikia kwa pamoja, hata wale wa upande wake.

Maalim akainua mkono, wakanyamaza.

"Nasema na nyinyi nyote," akasema. "Kombe lile niliandika dua ya kumwondolea mtu dhiki. Dua haichungulii karata za mtu. Na aliyekunywa bila kujua hana la kuapia, wa kimoja wala wa viwili. Msahafu narudi nao."

Akaufunga tena kitambaa chake. Alipompita mama akamwambia kwa sauti ndogo, ila mimi niliisikia: "Na weye, Bi Mwanapili, siku nyengine uulize ni kombe la kunywa au la kuweka kabatini."

Keyur akapumua kama aliyetuliwa gunia.

"Imekwisha," akatangaza. "Jumamosi, Chake, fainali na bingwa wa Unguja, anakwenda Mize binti Bi Mwanapili!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akanishika mkono tutoke kabla watu hawajapata neno jengine. Hadithi ingeishia hapo, nami ningekuwa mtu wa raha, na gazeti hili lingetafuta msimulizi mwengine.

*

Tumefika kwenye ngazi. Abdulnasir alikuwa anavaa viatu. Hakusema na mimi. Alisema na kiatu chake.

"Bahati tu. Bila bahati ile hanitoi hata siku moja."

Neno dogo. Nimeshasikia makubwa zaidi. Lakini miguu yangu ilisimama.

Kwa sababu, wasomaji, na hili sikumwambia mtu siku ile, tangu mama alipofungua kinywa kulikuwa na sauti ndani yangu inauliza swali la kipumbavu. Mize, siku zote hukuwahi kuvuta karata nzuri mwishoni. Leo umekunywa, leo umevuta. Je, kama kweli? Je, kama ile nuksi ilikuwapo, na ndiyo iliyoondoka leo, na wewe huna ulichokifanya ila kumeza chai?

Nilijua hesabu ya furushi langu. Nilijua Mbu hakuja kwa miujiza. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mwili uliokaa mwaka mzima ukiitwa nuksi una masikio yake.

Sikutaka kwenda Chake na swali lile. Nilitaka ushindi ule uwe wangu au usiwepo.

"Abdulnasir," nikasema. "Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, urudi ukae. Tunacheza tena. Bila chai."

Baraza yote ikasimama. Mama akanivuta mkono. "Mwanangu, wazimu huo! Umeshapewa!"

"Ndiyo, nimepewa, mama. Nataka nichukue."

"Mize," Keyur akaja mbio, "huna haja. Kanuni ziko upande wako."

"Akinitoa, Jumamosi aende yeye. Nikimtoa, asiniite tena mwenye bahati. Aniite jina langu."

Abdulnasir alinitazama kama anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akatabasamu. Mtoto wa bahati hawezi kukataa bahati, hata ikimjia na shoka. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Mashahidi nyote," akasema.

Keyur akawasogeza watu hadi barabarani, asije mtu akachungulia na kumnong'oneza mwenzake. Nyuma ya Abdulnasir akabaki ukuta. Nyuma yangu akabaki mama, maana hakukubali kuniacha, na kila mtu alijua kwamba kwa mama Tembo wa karatani na ng'ombe wa shambani Wambaa ni mmoja.

Simu zikachanga.

Nikafungua mkono wangu. Karata mbili nzito nilizozitia kwa kujihami, na Siafu mmoja. Basi. Mkono mbaya kuliko yote niliyopata mwezi ule.

Mkono mtupu haulambwi, lakini ule hata kunuswa haukufaa.

"Mbona umekunja uso?" mama akauliza.

"Hamna kitu, mama."

Yeye Abdulnasir alikuwa anang'ara. Zamu zake zikaja zimepangika: kadogo ka kuanzia, kisha Zimwi, kisha Tembo kwa wakati wake kabisa, kama aliyeziandika mwenyewe. Ngome yangu ikaanza kumeguka. Huko barabarani watu hawakuona karata zangu, ila waliziona ngome zote mbili kwenye televisheni ya Keyur aliyoiunganisha na mchezo, na nikasikia sauti ya mwanamme ikisema, "Eeh, lile kombe limeshatoka, nuksi imerudi."

Na hapo, badala ya kuogopa, nilipoa. Nilicheka hasa.

"Wacheka nini?" Abdulnasir akauliza.

"Nakuonea huruma."

"Miye?"

"Wewe. Bahati mbaya mimi naijua, nimekaa nayo nyumba moja, najua inapoamka na inapolala. Wewe hujawahi hata kupeana nayo mkono. Siku itakapokujia hutajua uiweke wapi."

Nikacheza Siafu. Akaumwa. Nikavuta Kunguru, nikacheza. Nikavuta Siafu mwengine. Kila zamu niliuma kidogo, nikapigwa kikubwa, nikauma kidogo. Yeye alikuwa ananipiga bila kutazama ngome yake mwenyewe. Anayeshinda hatazami nyumba yake inavyovuja.

Kisha bahati ikampita. Zamu moja akavuta, asicheze kitu; nikajua ni karata kubwa. Zamu ya pili, nyengine kubwa. Nikauhisi mkono wake ukijaa masultani wasio na pa kukaa, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na yeye hakuwahi kupanda ila mti mmoja.

"Hii simu ina kasoro," akasema.

"Hiyo ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Salimianeni."

Lakini Tembo wake alikuwa bado yuko uwanjani, na Tembo hana haja ya bahati, anakanyaga tu. Akaikanyaga ngome yangu mpaka ikabakia pigo moja. Yake nayo ilibakia pigo moja. Zamu ikawa yangu. Mkononi sikuwa na kitu cha kuuma.

Barabarani watu waliikodolea macho televisheni. Hata pikipiki ilizimwa.

Nilijua kilichobakia ndani ya furushi langu. Garasa, nyingi ya hizo, na yoyote ikija ingetosha. Na karata mbili za Ukuta, mbali na zile nzito mbili za mkononi. Ukuta hauumi. Ukuta unasimama tu, na Tembo anaupita. Zile mbili nilizitia mwenyewe, wiki niliyosikia Himid kaoa mke mwengine, usiku nilipoogopa kila kitu. Nilisahau kuzitoa. Hapana, sikusahau. Niliziacha kwa sababu bado nilikuwa naogopa.

Abdulnasir alikuwa anaomba, midomo inamcheza. Keyur alikuwa kalishika kombe la dhahabu kwa mikono miwili bila kujua kalishika.

"Sema bismillahi, mwanangu," mama akaninong'oneza.

"Nimeshasema, mama."

Ikija Ukuta, watasema nuksi. Ikija garasa, watasema kombe. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Waseme. Furushi nilipanga mimi, zile nzuri na zile za woga, na hapakuwa na mwengine wa kuzijibia.

Nikavuta.

Wa mwanzo kupiga kigelegele alikuwa mama. Karata hajui hata moja, ila alikuwa akiuangalia uso wangu.